SOMO LA WAFANYAKAZI: GARI LAKO LINAKULA MASAA MANGAPI YA KAZI?



Siku hizi wenzetu kadhaa wanafika ofisini kwetu kuomba wasaidiwe kujaza fomu za NSSF. Kama mjuavyo, sheria ya mfuko huo ilirekebishwa mwaka 2022. Mwanachama aliyetimiza miaka 45, na ambaye amechangia kwa miaka 10, anaweza kuchukua kiasi kisichozidi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Hiyo ni haki yake, na chama hakina neno. Lakini nikiwauliza pesa hizo zina kazi gani, wengi wao wananijibu neno moja tu: gari.

Simwambii mtu mzima atumieje jasho lake. Hizo ni pesa zake: asilimia 5 imekatwa katika mshahara wake kila mwezi, na asilimia 10 imeongezwa na mwajiri. Ninachotaka ni tukae chini pamoja tufanye hesabu kabla mtu hajatia sahihi. Mimi nilitia sahihi kwanza, hesabu nikaifanya baadaye. Ndiyo sababu somo la safari hii nimelichukua katika nyumba yangu mwenyewe.

Mwaka 2016 nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja hapa Jinja. Mshahara wangu, pamoja na ovataimu na baada ya makato, ulikuwa shilingi 950,000 kwa mwezi. Nyumbani kwangu ni kilomita 10 kutoka kiwandani. Asubuhi nilipanda bodaboda hadi barabara kuu kwa shilingi 1,000, kisha teksi kwa 1,500, na jioni vivyo hivyo. Kwa siku 26 za kazi nauli yangu ilikuwa shilingi 130,000 kwa mwezi. Nilichoka kusukumana na watu steji, nilichoka kunyeshewa mvua, na nilichoka kuona msimamizi, ambaye hakunizidi sana mshahara, akiingia getini na gari lake huku askari akimpigia saluti. Hilo la saluti nalitaja kwa sababu ni kweli, na wengi wetu hatulisemi.

Nikanunua gari dogo lililotumika Japani kwa shilingi 12,000,000. Milioni 6 nilizipata kwa kuuza kipande cha kibanja. Milioni 6 nilikopa kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, nilipe kwa miaka mitatu.

Hesabu niliyoifanya kichwani ilikuwa fupi sana. Petroli ni kama shilingi 300,000 kwa mwezi, nikitoa nauli ya 130,000 ninayoiacha, tofauti ni 170,000, basi nitajibana. Hivyo ndivyo karibu kila mmoja wetu anavyohesabu gari. Anahesabu petroli, maana petroli unailipa kwa mkono wako na kuiona ikiingia. Gharama nyingine zinaingia kimya kimya.

KARANI WA MWAJIRI ANAJUA ZAIDI YETU

Mwajiri akinunua mashine, karani wake wa hesabu haandiki bei mara moja tu na kuisahau. Kila mwaka anaandika uchakavu. Mashine ya milioni 100 ikitegemewa kufanya kazi miaka 10, basi kila mwaka imekula milioni 10, hata kama haikuharibika siku moja. Tunapokwenda kudai nyongeza ya mshahara, karani huyo hutuonyesha kitabu chake na kusema faida ni ndogo, kwa kuwa uchakavu ni mkubwa. Sisi tunaokaa upande wa pili wa meza ile ile tukirudi nyumbani tunasahau kwamba gari letu nalo ni mashine.

Gari langu nililiuza mwaka 2019, baada ya miaka mitatu kamili, kwa shilingi 6,600,000. Kwa hiyo shilingi 5,400,000 ziliyeyuka likiwa limesimama uani na likiwa linatembea. Hiyo ni 1,800,000 kila mwaka, na hakuna mtu aliyewahi kunipa risiti yake.

Tena bei yenyewe unayolipa kwa muuzaji si ya chuma peke yake. Ndani yake mna meli, mna safari ya bandari hadi Kampala, mna ushuru wa forodha, mna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na gari kuukuu linalipiwa pia tozo ya mazingira. Tangu mwaka 2018 sheria yetu imekataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Hayo magari madogo ya bei tuliyozoea tunayapokea yakiwa yamekwisha kumfanyia mtu mwingine kazi kwa miaka mingi, na sisi tunapokea kipindi chake cha magonjwa.

Sasa riba. Ukisikia "asilimia 18" usiitikie tu. Uliza maswali mawili: ni kwa mwaka au kwa muda wote? Na je, ni juu ya deni lote la mwanzo, au juu ya deni lililobaki? Mimi sikuuliza. Nilitozwa juu ya deni lote la milioni 6 kwa miaka yote mitatu, hata katika mwezi wa mwisho ambapo nilikuwa nimebakiza kidogo. Nililipa riba ya shilingi 3,240,000. Kama ingekuwa asilimia 18 hiyo hiyo juu ya deni lililobaki, kwa malipo ya kila mwezi, riba yote ingekuwa karibu shilingi 1,800,000. Swali moja tu la dakika moja lilinigharimu zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Ndugu, kateni kipande hiki cha gazeti mkiweke mfukoni mwendapo kukopa.

DAFTARI LA DUKA

Mnaweza kuuliza nimezipata wapi hesabu hizi zote, kwani mwanamume mwenye gari haandiki. Ni kweli, sikuandika. Mke wangu alikuwa na duka dogo la sukari, sabuni, chumvi na mafuta ya taa, na alikuwa na daftari. Kila nilipochukua pesa dukani aliandika tarehe, kiasi, na neno "gari". Siku moja aliliweka mbele yangu mezani akasema, "Baba watoto, soma mwenyewe, mimi nimechoka kukumbusha." Nilisoma. Matairi. Betri. Bushi na shokapu, kwa sababu ya mashimo ya barabara yetu. Fundi wa gereji aliyefungua kitu kimoja akaharibu viwili. Kuosha. Maegesho. Bima ya mtu wa tatu. Permiti. Na mambo yasiyo na jina, yaani kule barabarani.

Hii ndiyo hesabu ya mwaka mmoja, kwa wastani wa ile miaka mitatu. Gari lilitembea kilomita 9,000 kwa mwaka: 6,240 kwenda na kurudi kazini, na zilizobaki ni misiba, harusi, hospitali na kijijini. Lilikula lita 1 kwa kilomita 10. Petroli nimeiweka shilingi 4,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi.

Kushuka kwa thamani: 1,800,000
Riba ya mkopo: 1,080,000
Petroli, lita 900: 3,600,000
Oili na filta, mara mbili: 300,000
Matairi, seti moja kwa miaka miwili: 360,000
Matengenezo: 1,000,000
Bima, permiti, maegesho, kuosha na mengineyo: 400,000
Jumla: shilingi 8,540,000

Tazameni petroli. Haikufika nusu ya gharama. Yule anayesema "gari langu linakunywa kidogo" amesema ukweli wa chini ya nusu. Kila kilomita niliyokwenda ilinigharimu karibu shilingi 950, nami nilikuwa nikiambia watu ni 400.

Sasa pima na mshahara wangu wa 950,000. Jumla ile ni mshahara wa miezi 9. Nilifanya kazi Januari, Februari, Machi, hadi Septemba kwa ajili ya gari, na kuanzia Oktoba nikaanza kufanya kazi kwa ajili ya watoto. Tulikula nini miezi ile tisa? Tulikula duka. Kila mwezi rafu moja ilipungua, mpaka ikabaki sabuni na viberiti, na mwishoni mwa mwaka 2018 mlango ukafungwa. Karo ya mtoto wetu wa pili ilichelewa mihula miwili, na mara mbili alirudishwa nyumbani kutoka shuleni. Akirudishwa, mimi ndiye niliyekwenda kumchukua, kwa gari.

KUPIMA KWA MASAA

Katika chama chetu tumezoea kupima kila kitu kwa masaa ya kazi, maana masaa ndiyo bidhaa tunayouza. Siku 26 za masaa 8 ni masaa 208 kwa mwezi. Gawa 950,000 kwa 208, saa yangu moja ilikuwa karibu shilingi 4,570. Gari la 8,540,000 likawa linakula masaa 1,870 kwa mwaka. Ongeza masaa niliyokaa nyuma ya usukani. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 30 kwa saa, kilomita 9,000 ni masaa 300. Jumla ni masaa 2,170, kwa kilomita 9,000. Ukigawa, mwendo wangu wa kweli ni kilomita 4 na kidogo kwa saa. Mtu mzima mwenye afya akitembea kwa miguu bila haraka anakwenda kilomita 5.

Nilipoifikia hesabu hiyo nilidhani nimekosea, nikairudia. Baadaye, katika semina, mwalimu mmoja alitueleza kwamba njia hii si mpya. Ivan Illich, padre mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi miaka mingi huko Meksiko, aliitumia katika kitabu chake juu ya nishati na usawa kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1974. Alihesabu kwamba Mmarekani wa kawaida alitumia masaa 1,600 kwa mwaka kwa ajili ya gari lake, kuliendesha na kulifanyia kazi ili alilipie, apate kwenda maili 7,500, yaani kama kilomita 12,000. Hiyo ni chini ya maili 5 kwa saa. Na Mmarekani yule alikuwa na mshahara wa Marekani! Sisi tunanunua petroli ile ile ya soko la dunia kwa saa ya kazi iliyo rahisi mara nyingi zaidi.

Jambo hili lichunguzwe vizuri. Gari si kitu kibaya. Saa yetu ya kazi ndiyo inayouzwa rahisi mno. Huko Detroit, mwaka 1914, Henry Ford alianza kulipa dola 5 kwa siku ya masaa 8, na kufikia mwaka 1925 gari lake la Model T liliuzwa kwa chini ya dola 300. Fanyeni hesabu wenyewe: ni kama siku 60 za kazi. Kwangu mimi bei ya kununua peke yake ilikuwa zaidi ya mshahara wa mwaka mzima.

NA ASIYE NA GARI JE?

Tusidanganyane kwamba kuishi bila gari ni bure. Nauli ya kazini ilikuwa 1,560,000 kwa mwaka. Ongeza nauli za mke na watoto, 400,000. Ongeza gari la kukodi mara kumi kwa mwaka, kwa msiba au mgonjwa wa usiku, 100,000 kila mara, ni 1,000,000. Jumla 2,960,000. Tofauti na gari ni shilingi 5,580,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 16,740,000, yaani ningeweza kununua gari lile lile kwa pesa taslimu na kubaki na chenji ya milioni 4 na zaidi.

Mwenzetu mmoja katika darasa la Bugembe alinipinga vizuri. Alisema, "Ndugu, hujahesabu muda." Kweli. Teksi na bodaboda zilinichukua saa moja na nusu kwa siku, na gari dakika 40. Dakika 50 kwa siku 312 ni masaa 260. Kwa bei ya saa yangu ni karibu shilingi 1,190,000. Nimekubali kuziondoa. Bado tofauti ni zaidi ya milioni 4 kwa mwaka.

Mwingine akasema petroli ikipanda nauli nayo hupanda. Hilo pia ni kweli. Januari 2022, madereva wa malori walipogoma mpakani kwa sababu ya upimaji wa Korona, petroli ilifika shilingi 10,000 kwa lita sehemu nyingine, na sote tuliumia. Lakini katika teksi ya abiria 14 maumivu yale hugawanywa kwa watu 14.

Kuna gharama moja ambayo sikuweza kuipinga, na aliyeisema ni dada mmoja wa zamu ya usiku. Alisema, "Wewe unahesabu shilingi. Mimi nikitoka saa tano za usiku nahesabu miti ya kutoka getini hadi steji." Darasa zima lilinyamaza. Kwake yeye kutokuwa na gari ni hatari kwa mwili wake, na hakuna daftari la kuandika hilo. Lakini hata yeye hakuomba gari. Aliomba basi la kiwanda lililo na zamu.

Hapo ndipo somo hili linapogeuka kuwa kazi ya chama. Miwa inasafirishwa kutoka shambani kwa trela na dizeli ya kampuni. Majani ya chai yanachukuliwa kwa lori la kampuni, tena kwa haraka yasiharibike. Mkata miwa na mchuma chai wanajifikisha wenyewe, au wanapakiwa juu ya trela pamoja na mapanga. Usafiri wa mfanyakazi ni gharama ya uzalishaji kama usafiri wa muwa. Tunapokwenda kuzungumza mkataba wa pamoja, mara nyingi kifungu cha usafiri tunakiweka mwisho, na saa kumi jioni ikifika tunakiacha. Mimi mwenyewe nimekiacha zaidi ya mara moja, kwa sababu siku zile nilikuwa nakuja mkutanoni na gari langu, sikuwa na haraka nacho.

BAISKELI YA MKATA MIWA

Kwa ndugu zetu wa mashambani swali la gari liko mbali. Kima cha chini cha mshahara kilicho katika sheria kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, ambazo leo hazinunui lita mbili za petroli. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia sahihi. Lakini hesabu ya masaa inawahusu wao pia, na hapa nilishangaa.

Tuseme mkata miwa anapata 200,000 kwa mwezi. Saa yake ni kama shilingi 960. Ana baiskeli ya 350,000 itakayodumu miaka 7: uchakavu 50,000 kwa mwaka. Tairi, tyubu, mnyororo na fundi 100,000. Jumla 150,000, yaani masaa 156. Akisafiri kilomita 20 kwa siku kama mimi, kilomita 6,240 kwa mwaka, kwa mwendo wa 12 kwa saa, ni masaa 520 ya kukanyaga pedali. Jumla masaa 676. Gawa: kilomita 9 kwa saa. Mkata miwa juu ya baiskeli alikuwa ananipita mara mbili, na mimi nilikuwa nampigia honi atoke njiani.

Wapo ambao gari linawafaa. Fundi anayebeba vyuma na vifaa vyake, mama anayepeleka bidhaa masoko matatu kwa wiki, mwenzetu aliyeumia kiwandani asiyeweza kupanda bodaboda. Hao waandike linaleta nini, si linakula nini tu. Wengine wameniuliza juu ya kuchukua wenzao watatu kwa nauli. Inapunguza sana gharama, lakini bila leseni ya kubeba abiria ni kosa, na ikitokea ajali mwenye bima atasoma karatasi yako kwa miwani mbili. Kugawana petroli ndugu kwa ndugu ni afadhali. Na kijana anayetaka pikipiki ya mkopo ili afanye bodaboda afanye hesabu hii hii, aanze na uchakavu na riba, asianze na mapato ya siku.

Nilipouza gari, milioni 6.6 zile mke wangu alizigawa yeye. Karo kwanza, duka la pili, na kwa kibanja hazikutosha. Duka limefunguliwa tena, ingawa si kubwa kama lile la kwanza.

KAZI YA DARASA

Kila kikundi kijibu haya kabla ya mkutano ujao:

Saa yako moja ya kazi ni shilingi ngapi baada ya makato? Nauli yako ya mwezi inakula masaa mangapi?

Mwenye gari au pikipiki katika kikundi aandike kila senti kwa miezi mitatu, mkewe au mumewe atie sahihi daftari.

Mkataba wenu wa pamoja unasema nini juu ya usafiri wa zamu ya usiku? Nendeni na kifungu chenyewe mkononi, si kwa kukumbuka.

Wanaotaka kujaza fomu za NSSF waje Jumamosi kama kawaida, fomu zipo.